Nani Anazisukuma Galaksi?

Dada Sesi, shikamoo. Huku Sumbawanga upepo unakata masikio, lakini kilichoniacha mdomo wazi si baridi.

Jana mchana tulikuwa Kasense, kwa baba yake Yustina, yule rafiki yangu mwalimu wa fizikia, tunakula ugali wa ulezi na samaki wa migebuka. Tangu mwaka jana mzee amemkatalia kwenda Dar kusoma zaidi. Jana akamuuliza, "Hicho unachokifuata huko ni kitu gani hasa?"

Yustina akasema ulimwengu wote unatanuka, na galaksi, yale makundi makubwa ya nyota, zinazidi kuachana. Kuna maada isiyoonekana inayozivuta zisiachane, lakini kuna na nishati isiyoonekana inayozitawanya, na hiyo ndiyo inayoshinda. Kila siku kasi inaongezeka.

Mzee akabaki na tonge mkononi. "Nani anasukuma?"

"Hakuna anayejua, baba. Wameipa jina tu, nishati ya giza."

Dada, nilishika meza! Maisha yangu yote nilidhani mbingu zimetulia pale juu.

"Na sisi je, tutatawanyika?" mzee aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hapana baba. Sisi tuko karibu, mvutano bado unatushika."

Mzee akalirudisha tonge sahanini. Kisha akasema, "Basi nenda, mwanangu. Ukishajua, uanze kuniambia mimi."

Yustina akalia palepale, nami nikalia naye.

Wakumbatie wanao kwa ajili yangu, uwabane hasa.

Mdogo wako,
Neema