Mimi na Mama Ketaki Tulivyochumbiana kwa Majina ya Watoto

Mshauri mpendwa, naomba msaada kabla Jumamosi haijafika. Mimi ni mama wa Tejas, mhandisi wa madaraja, mrefu, mpole, hapa mjini Nashik hakuna mwenye binti asiyemtamani awe mkwe wake, na kwa kuwa hana muda nilimfungulia ukurasa kwenye mtandao wa ndoa kama tufanyavyo wazazi wote, ila mimi nikanogewa, nikawa namwandikia Ketaki, binti wa mji wa Kolhapur, kana kwamba ndimi Tejas, na Ketaki naye ana adabu, kila asubuhi anauliza kama nimekula, nilipolalamikia magoti akanielekeza hadi dawa ya kuchua, nikasema huyu kalelewa. Lakini kila nikiomba picha mpya anakwepa, nikaogopa mwanangu anatapeliwa, nikawaita wale wa kipindi cha televisheni wanaofichua wapenzi wa uongo mtandaoni. Tukaenda na kamera zao hadi Kolhapur, mlango ukafunguliwa na mama wa rika langu, mikono imejaa unga wa dengu.

"Ketaki yuko wapi?"

"Kazini. Kwani wewe nani, dada?"

"Mamake Tejas. Nataka kujua nani anamwandikia mwanangu."

Akanitazama usoni, akashusha macho hadi miguuni. "Na yale magoti, ni ya Tejas au ni hayo?"

Tulicheka mpaka mpiga picha akakaa chini. Anaitwa Vaishali, mamake Ketaki, na sasa hatupitishi siku bila kupigiana simu. Picha ya binti nimeiona, anafaa. Ila kipindi kinarushwa Jumamosi na watoto hawajui lolote. Nikisema, Tejas atakasirika amkatae binti wa watu; nikinyamaza, ataniona kwenye televisheni. Nifanyeje?
Mama Tejas, Nashik

Mama Tejas, nimecheka hadi chai ikapoa. Sasa nisikilize. Umemlea kijana anayekabidhiwa madaraja, wewe ukashindwa kumkabidhi hata salamu za asubuhi? Ulikwenda kumkamata mwongo, mkakamatana. Najua ni mapenzi ya mama, lakini kumtongozea mtu asiyejua ni uongo, hata ukiukaanga kwa samli.

Mwambie leo, akishakula, na usianze na sifa za binti. Anza na kosa lako. Vaishali naye amwambie Ketaki leo hii. Kisha mkabidhi Tejas neno la siri la ukurasa huo, nawe usiuguse tena. Akitaka kumwandikia Ketaki, ataandika. Asipotaka, usinune, wala usimtume shangazi yake.

Vaishali usimwache, hata watoto wakikataana. Wewe wako umeshampata, mama. Wa Tejas mwachie Tejas.