Kikohozi cha Bi Sauda

Birmingham,
Jumapili jioni

Mama yangu,

Kuna kikohozi kimoja kinanifuata kila ninapokwenda. Si kikubwa. Ni cha mara mbili, kikavu, halafu kimya kifupi, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Ulikohoa hivyo katika sehemu ya sita ya tamthilia yenu, pale Bi Sauda wako anapogombana na yule mpangaji kijana kuhusu ndoo za maji. Ulishika mwimo wa mlango, ukakohoa, ukamaliza maneno yako. Wenzangu niliokuwa nikitazama nao wakasema huyu mama anajua kuigiza. Mimi nilikuwa namtazama yule kijana. Kwa muda mdogo sana aliacha kuwa mpangaji mkorofi, akanyoosha mkono kama mtu anayetaka kumdaka mama yake asianguke, kisha akakumbuka kamera na kuurudisha. Hapo nikajua kikohozi kile hakikuandikwa na mtu.

Shikamoo, Mama. Ningekuuliza hali kama tunavyoulizana kwenye simu, lakini jibu lako nalijua, kwamba nyinyi ni wazima na hofu ni kwangu tu, na leo silitaki. Kwa hiyo nakusalimu, nakuombea, na la afya nitalifikia mwenyewe huko mbele. Mimi mwili ni mzima. Nimeandika kwa mkono, nikapiga picha kurasa na kumtumia Zuhura akusomee, kwa sababu kwenye simu huwa unanikatisha. Zuhura, mdogo wangu, soma kila neno. Ukifika mahali pagumu pumzika, lakini usiruke.

Mama, ulipopata nafasi katika tamthilia hii uliniambia, "Uwe unanipa maoni yako kama mtazamaji, sio kama mwanangu." Nimekuwa nikifanya hivyo kila wiki. Nilikwambia muziki wenu unafunika maneno. Nilikwambia yule tajiri avue miwani ya jua akiwa ndani ya nyumba, na kwamba haiwezekani kila siri katika mtaa mzima isikiwe na mtu aliyesimama nyuma ya pazia. Ulicheka sana. Nilikwambia pia kwamba wewe peke yako hungojei zamu yako ya kusema. Wengine husimama mikono chini mpaka mwenzao amalize. Bi Sauda anachambua mchele, anatupa chuya, anamtukana mtu bila kuinua uso, na tunamwamini.

Sikukwambia kila nilichokiona. Kuanzia sehemu ya saba nilianza kuangalia bangili yako, ile iliyokuwa haitoki mkononi bila sabuni. Ilikuwa inateleza mpaka kwenye kiwiko. Katika sehemu ya nane Bi Sauda anatoka chumbani akiwa mnene, anafika uani amekonda. Najua mnavyorekodi, vipande vya ndani siku moja na vya nje wiki kadhaa baadaye, halafu vinaungwa. Watu waliandika chini ya video kwamba mtu wa mavazi amekosea. Niliyasoma maoni yao yote nikitamani wawe sahihi.

Halafu ule mkao. Unaukumbuka mkao wako wa kibarazani katika sehemu ya tisa? Umeinama mbele, viganja juu ya magoti, mabega juu. Mama, kazini kwangu Shard End nawahudumia wazee, nawaogesha, nawalisha, nawageuza kitandani. Yule anayetafuta pumzi hukaa hivyo. Huwa namwona tangu mlangoni na kuita muuguzi kabla hajaniambia neno. Wewe nilikuona Jumapili mchana, kikombe cha chai mkononi, watu wakicheka pembeni yangu, na sikumwita mtu.

Nilikupigia. Ukasema ni vumbi la barabara mpya. Ukaniuliza kama nimekula, kama baridi imepungua, ukanisimulia habari za kuku wa jirani, na sauti yako ilikuwa nyepesi, yenye kicheko mahali pake. Nikakata simu nikiwa nimetulia kabisa. Ilinichukua mpaka kesho yake kutambua kwamba umeniigizia, na kwamba kwenye simu unaigiza vizuri kuliko kwenye kioo.

Acha nikueleze wanaokutazama huku, maana nilikuwa nakugusia tu. Mwenye nyumba ninayoishi, hapa Saltley, ni Mama Furaha, Mkongo kutoka Uvira. Sebuleni kwake ndiko tunakokutana kila Jumapili akitoka kanisani. Mwenzetu wa tatu ni Hodan, Msomali aliyekulia Nairobi, anafundisha watu udereva na ana sauti ya mtu aliyezoea kupiga kelele kwenye makutano. Mama Furaha yuko upande wa Bi Sauda siku zote.

"Ule mama iko na haki," husema. "Nyumba ni yake. Bapangaji banapenda kiburi sana. Umesikia, Saumu?"

"Mama Furaha, wewe hutazami, unajifunza," Hodan humjibu. "Ngoja uone, mwezi ujao atatufungia maji. Na mimi hata sipangi hapa."

Saa ile moja tu ndiyo ninayoishi wiki nzima. Siku nyingine natoka giza na kurudi giza. Wazee wangu televisheni yao haizimwi, na tamthilia za huku nimeshindwa kuzipenda. Zinaanza na maiti, msituni au kando ya mfereji, maiti ya mtu ambaye hatujamjua bado, halafu wanatumia sehemu zote zilizobaki kutafuta alikuwa nani. Mzee mmoja niliyemzoea alifariki mwezi uliopita. Nilipokwenda kutandua kitanda chake nikakuta picha ukutani, amevaa sare za bendi, ana tarumbeta. Nilikuwa nimemlisha mwaka mzima bila kujua kwamba alikuwa mpiga tarumbeta. Niliketi pale nikashindwa kuvua foronya. Nilijiuliza ninafanya nini hapa, ninalisha mama za watu, na mama yangu namjua kwa sehemu ya dakika arobaini kila wiki.

Sasa nifike sehemu ya kumi na moja.

Bi Sauda anafia uani, ameketi juu ya mbuzi anakuna nazi. Kufa kwenyewe umekufanya vizuri. Hukupiga ukelele, hukushika kifua. Ulisimamisha mkono tu, ukaitazama nazi kama umesikia kitu ndani yake. Kama ningekuwa mtazamaji ningesifu. Lakini baadaye wakakulaza, wakakufunika shuka jeupe, na jirani akafunua uso.

Mama, wewe ulisema hutaigiza maiti. Nilikuwa mdogo, ulikuwa kwenye kile kikundi cha maigizo cha walimu pale Tanga, na wakataka ulazwe kwenye jeneza. Nakumbuka ulivyosimama katikati ya ukumbi na kumwambia kiongozi wenu, "Nipe mchawi, nipe kichaa, nipe hata mlevi. Maiti simo. Maiti haiigizwi, inaitwa." Mkagombana, ukachukua kanga yako ukanishika mkono tukarudi nyumbani. Siku ya onyesho walifunga mto kwa shuka wakaulaza, na watu wakaulilia mto, na wewe ukawa unacheka nyuma ya jukwaa mpaka unatokwa machozi. Miaka yote hiyo umekataa. Ukakataa hata ulipokuwa huna nafasi nyingine.

Na sasa uso wako ulikuwa pale, umefumba macho, pamba puani.

Nilitazama shuka. Nilitafuta kama linapanda na kushuka. Lilikuwa linapanda na kushuka, haraka, haraka mno. Maiti ilikuwa inahema. Zamani ningekuandikia kwamba hilo ni kosa la kiufundi, mwongozaji alipaswa kukata mapema. Nilifurahi kwa sababu unapumua, kisha nikaogopa kwa jinsi unavyopumua.

Halafu inaletwa ile picha ambayo watu wote wameisifu, ya mtoto wa Bi Sauda anayefika kutoka mbali wakati jeneza limeshatoka. Anaanguka uchochoroni, viatu vimemtoka, muziki unapanda. Amepewa muda mrefu kuliko uliopewa wewe kufa. Hodan alilia. Mimi niliichukia, na maoni yangu ya mtazamaji ni kwamba haikustahili kuwepo. Mtoto aliyechelewa anapewa mwanga mzuri kuliko wote, anapambwa, tunamhurumia, na hakuna anayemuuliza alikuwa wapi.

Nilikupigia nikuulize kwa nini umekubali. Ukasema, "Mwandishi ndiye kaamua, mimi nani?" Ukahamia kwa kuku wa jirani.

Jumapili iliyofuata nilipotoka kazini niliwakuta wamekunja zulia la sebuleni na kutandika mkeka. Mama Furaha amejifunga kitambaa kichwani. Sufuria kubwa la pondu, kisamvu cha kwao, liko jikoni, na Hodan ameleta mahamri.

"Leo hatuangalie kitu," Mama Furaha akasema. "Leo ni matanga ya Bi Sauda. Vua viatu, ingia ulie."

Niliketi nao. Ulikuwa utani mzuri, Mama, ungeupenda. Mama Furaha alimlilia mwenye nyumba mwenzake, akasema sasa nani atafundisha bapangaji adabu. Hodan akasema marehemu amekufa hajamaliza kumtukana yule tajiri wa miwani, kwa hiyo atamalizia yeye, na akaanza. Tulicheka. Kisha akanigeukia.

"Na wewe mfiwa, ongea basi. Tuambie marehemu alikuwa aje."

Nilifungua mdomo nitanie. Nikasema, "Alisema hataigiza maiti," na sikuweza kuendelea. Walidhani nimeingia kwenye mchezo, wakaitikia kwa kilio cha uongo, mpaka Hodan akaona uso wangu akamshika Mama Furaha mkono. Nikawaeleza yote, bangili, mkao, shuka.

Mama Furaha hakusema pole. Aliinuka, akaanza kukunja mkeka ule ule tuliokalia, akitusukuma kwa goti tutoke juu yake.

"Tukunje hii," akasema. "Haiko saa yake."

Alipoufunga kamba ndipo akaketi karibu yangu. "Mama yangu alizikwa kule Uvira, mimi niko hapa nangojea karatasi. Banipigia simu, niko kwa foleni ya duka, nabeba nyanya. Sikukuwa na njia ya kurudia. Mimi ni mukimbizi. Wewe njia iko. Sikuambie kitu ingine."

Siku ile ile nikampigia Zuhura na kumbana. Zuhura, usiruke hapa. Mama, usimkaripie, alikanusha mpaka akaanza kulia mwenyewe. Ameniambia ni moyo, daktari amesema umetanuka, na miguu imevimba. Ameniambia uliwaomba wewe mwenyewe wakuue, kwa sababu huwezi tena kupanda ngazi za ile nyumba mnayorekodia, na ukawaambia kama wanataka kifo kamili waonyeshe na uso, umalize kazi yako vizuri. Na mimi ukaamuru nisiambiwe, nisije nikaharibu maisha yangu.

Maisha hayo nikwambie yalivyo, kwa kuwa leo hatufichani. Shahada niliyoisomea chuoni pale Edgbaston iko chini ya kitanda, ndani ya bahasha yake. Kibali changu cha kukaa kimefungwa na kazi hii. Nikiiacha, kibali kinakwisha, na mlango huu sidhani kama utanifungukia tena. Kabla Zuhura hajaniambia kweli, nilimwomba meneja likizo. Aliuliza, kwa upole kabisa, kama mama yangu amelazwa. Nikasema hajalazwa. Akauliza nimejuaje basi kwamba anaumwa. Nikamwambia nimemwona kwenye tamthilia. Akasema labda nimechoka, nipumzike Jumanne na Jumatano.

Simlaumu. Nilijisikia nilivyosema, na hata mimi nisingejipa likizo.

Sina matumaini mengi, Mama, na sitaki kukudanganya kwamba ninayo. Nimewaona wengi wanaokaa mkao ule, na najua wanavyokwenda. Nyumbani sitakuwa na kazi, na watu watasema amerudi mikono mitupu, na watakuwa wamesema kweli. Nikiamka asubuhi kitu cha kwanza kinachonijia ni kile kikohozi, kisha ule ukimya wake mfupi, na huwa nabaki nimeshika pumzi nikingoja umalize kusema.

Nisalimie Mjomba Hamisi, fundi wa redio, mwambie nilisikia ametazama kila sehemu na anakataa kukubali kwamba Bi Sauda amekufa. Msalimie Bi Kiboga, jirani yetu aliyenifundisha Juzuu, na kuku wake wote. Shangazi Rukia mwambie dua zake zinanifikia. Na ukimwona yule kijana aliyeigiza mpangaji, sijui jina lake, mpe mkono kwa niaba yangu. Mwambie Saumu anamshukuru kwa pale alipotaka kukudaka.

Ijumaa nilimpelekea meneja barua ya kuacha kazi. Sare nilizifua, nikazipiga pasi, nikazirudisha pamoja na kadi ya mlango, na mwanamke atakayechukua zamu zangu nimemwonyesha nani anakunywa chai kwa mrija na nani haguswi bega la kushoto. Tiketi nimeshakata, na Zuhura anayo siku. Nimemkataza kuitaja, usije ukapata muda wa kujipaka poda na kuvaa bangili nyingine ndogo isiyoteleza. Nitakapoingia usisimame kunipokea. Kaa hapo hapo, juu ya kiti au juu ya kitanda, uhemavyo uheme, nikukute ulivyo.

Mwanao,
Saumu