Mama wa Watoto

Jumatatu, 5 Septemba 1949

Tumepata nyumba hapa kambi ya karanga! Bati juu, chokaa ukutani, mlango una komeo. Lakini kuna jambo. Naandika kwa sababu pa kusema sina.

Ilikuwa hivi. Karani Andrea kaniita mezani. Nyuma yangu dada Zaitun, Moza kamshika kanga, Swalehe mgongoni — mgonjwa, miguu kama vijiti. Baba yao alikwenda Tanga kwenye mkonge, mwaka wa pili huu, barua hata moja hakuna. Andrea kauliza, watoto wa nani? Nikasema wangu. Si uongo. Kwetu Wamwera mtoto wa dada ni wa mjomba. Kauliza, na huyu mwanamke? Nikasema, mama wa watoto. Akacheka. Nyie Wamwera mna haya, hata mke mnaona aibu kumtaja! Akaandika. Mhuri, pwaa.

Yeye kasikia "mama watoto". Mama watoto ni mke! Ile "wa" yangu niliimeza. Mimi maneno nayameza toka mdogo.

Sasa kwenye karatasi nimemwoa dada yangu. Tumbo moja. Astaghfirullahi.

Alhamisi, 8 Septemba

Kadi ya maziwa imetoka. Ni ya waliopewa nyumba tu, mume na mke na watoto. Swalehe kanywa kikombe kizima, hakutapika. Mara ya kwanza toka mwezi wa saba.

Nilimwambia Zaitun, narudi kwa Andrea nikaseme kweli. Akaniangalia. Akasema, nenda, na jembe chukua, kaburi utachimba wewe.

Sikwenda.

Karatasi yenyewe haiwezi kujua. Mimi Lukumani bin Shaban, yeye Zaitun binti Chande. Mama mmoja, baba wawili. Karatasi inauliza baba tu. Tumbo haliandikwi.

Jumapili, 11 Septemba

Tumekusanywa uwanjani, wanaume wote wa nyumba za bati. Bwana wa Ustawi, Mzungu anayesimamia mambo ya familia, kasimama juu ya trela ya trekta, Andrea anageuza maneno kwa Kiswahili. Nilikaa nyuma ya mtu mnene.

Alisema nyumba ni baba. Mume akiwa mgeni kwa wakwe atafanya kama mgeni, atakula, atalala, siku moja ataondoka. Mtoto asiyeogopa baba ataogopa polisi. Serikali haiwezi kumlea mtoto, na ikijaribu itazaa wavivu. Kwa hiyo posho kwa mume, nyumba kwa mume, mke akae nyumbani. Na mambo ya wajomba yaishe. Yanavunja wanaume.

Nyuma mtu kasema, huyo mjomba wake alimfanya nini? Watu walicheka, mimi sikuweza.

Maana mengine aliyosema ni kweli. Baba yangu Shaban alilima shamba la mama yangu miaka tisa. Mjomba akija, baba anahama kiti. Nakumbuka hilo. Siku moja alichukua panga na mkeka wake, akaenda, hakuna aliyemwita arudi. Hata mimi sikumwita. Nikioa nataka watoto wajue sauti yangu.

Lakini baba alipoondoka nani alinipa chakula? Mjomba. Bwana hilo hakulisema. Angekuwa baba peke yake, leo ningekuwa hai?

Alimaliza kwa kusema atakayedanganya juu ya familia yake atamjua. Nilihisi kaniangalia mimi. Mtu mnene alikuwa ameinama kufunga kiatu.

Jumanne, 13 Septemba

Wamemchukua Teofili! Nyumba ya nne toka kwetu. Alimwandika mwanamke muuza pombe kuwa mkewe apate nyumba. Leo wamekuja na lori, askari wawili, vyungu vyao nje. Watu wanasema jela miezi sita. Alipita mbele yetu anatabasamu kama mjinga.

Huyo alidanganya juu ya mwanamke wa watu tu. Mimi je? Jela wana kifungo gani cha mtu aliyemwandika dada yake kuwa mke?

Kazini leo, kung'oa visiki, nimefunga mnyororo wa trekta vibaya kwenye kisiki, ukakatika, ukapita juu ya kichwa cha msimamizi. Kanitukana mpaka mama.

Jumatano, 14 Septemba

Mimi nalala barazani, ndani Zaitun na watoto. Asubuhi jirani yetu Mwanaheri kapita na debe la maji. Ee baba Moza! Leo tena umefukuzwa kitandani? Umekosa nini wewe? Wanawake bombani wakacheka wote.

Kuanzia leo nalala ndani. Nimefunga shuka katikati. Sipati usingizi, nasikia Swalehe anavyopumua. Anapumua vizuri sasa.

Jumamosi, 17 Septemba

Mjomba Mbaruku, aliyenilea, kaja toka kijijini kwetu Narung'ombe kwa miguu, siku mbili. Kaleta mihogo mikavu. Kapiga ukuta kwa kiganja, kasema, chokaa nzuri.

Zaitun yuko jikoni. Mwanaheri akaingia kuomba moto. Mkosi gani huu! Kamwona mzee, kapiga magoti vizuri, halafu kasema, shikamoo baba, mkweo huyu mpole, hana sauti hata ya kumkemea mke.

Mkweo! Kadhani mzee ni baba wa Zaitun.

Mjomba akaitikia marahaba. Akangoja moto uchukuliwe, mama wa watu aondoke. Akauliza polepole, Lukumani, mkwe wangu ni nani hapa?

Nikamwambia. Yote. Nilisema na mkeka, siyo na yeye.

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Akasema, nyumba ya Wazungu hawa ina mlango mmoja tu, wa baba. Ukitaka kuingia lazima uwe baba wa mtu. Mjomba hana mlango. Mimi nimelea watoto wa dada zangu saba, huku nisingepewa hata kizingiti. Akasema, lakini wewe, mwanangu, umepita mlango kwa jina chafu. Ufuta ukinuka mafuta ya taa unaweza kuula?

Zaitun akatoka na moshi machoni. Akasema, mjomba, Swalehe alipokuwa anakufa Narung'ombe tulikuwa na jina safi.

Mzee akainuka. Ugali hakula. Mihogo kaiacha, kaondoka jua bado kali.

Nani ana haki? Nimekaa nao wote wawili kichwani, wanagombana, mimi katikati nimekaa kimya. Kama kawaida.

Jumatatu, 19 Septemba

Mambo yameharibika.

Tangazo: kwa sababu ya Teofili, kila ndoa itahakikishwa. Wakristo kwa padri wao. Sisi Waislamu shehe analetwa toka Lindi, Ijumaa, ofisini. Mume na mke watasimama mbele yake, wataapa kuwa ni mume na mke. Wasio na cheti cha ndoa atawafungisha upya hapohapo, mashahidi wapo. Asiyekuja, Jumamosi vyombo nje.

Nilimsubiri Andrea atoke kula. Nikasema, bwana karani, mimi nilisema mama WA watoto.

Akasema, ndiyo, mama watoto.

Mama wa watoto, nikasema.

Sasa si ndiyo hivyo? Una homa wewe?

Nikasema, yule ni dada yangu.

Aliangalia kulia, kushoto. Akanishika shati. Kasema, funga mdomo huo, mhuri ule niligonga mimi, na mimi nina watoto wanne Masasi. Mtaapa, mtaondoka. Shehe wa Lindi hakujui.

Nikasema, Mungu je?

Kasema, dini yako usiniulize mimi. Lakini jasho lilikuwa linamtoka mpaka kidevuni.

Alhamisi, 22 Septemba

Swalehe kasimama. Kashika ukuta, kasimama mwenyewe, kaacha alama tano za vidole kwenye chokaa. Moza alipiga makofi.

Mganga wa hospitali kasema miezi miwili mingine ya maziwa. Akikatishwa sasa, akasema, lakini neno hakulimaliza. Alitikisa kichwa tu.

Zaitun hajaketi toka asubuhi. Anafua kanga moja mara tatu.

Ijumaa, 23 Septemba

Naandika nje ya ofisi, daftari gotini. Wengine wanadhani nahesabu siku za kazi.

Shehe kakaa mezani, mzee mwembamba, ana mafua. Bwana wa Ustawi pembeni na miwani yake, Andrea na orodha. Tuko wa kumi na moja. Sasa wako wa saba. Kila wawili wanasimama, shehe anauliza, wanajibu pamoja, anaandika. Kuna mume kajibu kwa sauti kubwa watu wakacheka. Shehe hakucheka. Kasema, hili si la mchezo, mtu akiapa uongo hapa mdomo wake huohuo utamshitaki.

Nikisema ndiyo, sina uso tena wa kuswali. Nikisema siyo, mtoto anarudi kwenye miguu ya vijiti. Bwana alisema nyumba ni baba. Mimi si baba. Ni nani basi aliyekuwa anaamka usiku kwa ajili ya mtoto huyu?

Wa tisa.

Zaitun kaniuliza, sauti yako iko wapi leo? Nikasema sijui. Akasema, basi kaa.

Wa kumi wanaapa.

Zaitun kasimama! Hatujaitwa. Swalehe mgongoni, Moza kaniachia mimi. Kapita mbele ya watu wote, kafika mezani. Kapiga magoti, anasema kitu. Sisikii, trekta inapita. Shehe kaacha kalamu. Anamwinamia asikie vizuri. Bwana wa Ustawi anamuuliza Andrea, anasema nini, anasema nini? Andrea kainamia orodha, hageuzi maneno.

Anaendelea kusema. Ananyoosha mkono huku niliko, midomo yake naisoma, kaka yangu. Shehe kainua macho, ananitafuta katika watu.

Moza ananivuta mkono. Anauliza tunakwenda au hatuendi. Nimesimama, sijui miguu ya nani hii, na penseli bado iko mkononi, tunakwenda.