Mkono Uliobarikiwa Mukuyuni

Jumapili, Emali

Sikumwambia. Tangu kambini nilikuwa nimeapa kwamba nitamwambia mama yake Mutua ukweli, na leo nimekaa kwake Mukuyuni masaa matatu nikinywa chai tu.

Jeshini mimi ndiye mlenga shabaha wa platuni yetu. Mutua alikuwa akilala kando yangu na darubini, ananisomea umbali na upepo, ndipo nafyatua. Siku ile alitumwa mbele na wenzake, nikabaki na bunduki peke yangu. Nilimwona adui kabla hajapiga. Upepo ulikuwa umegeuka, nikasita, nikingoja sauti ya Mutua kama kawaida.

Mjinga mimi! Aliyelengwa alikuwa Mutua mwenyewe.

"Najua ulimwangalia mwanangu mpaka mwisho," mama akaniambia. Ni kweli. Niliona kila kitu.

Nilipoaga, alinishika mkono wa kulia akautemea mate kidogo, vile wazee wetu hubariki. "Mungu aulinde mkono huu," akasema, "maana ulimlinda Mutua wangu."

Nami nikaitikia amina.