Twiga Ndani ya Kisanduku Cheupe

Jumamosi, Mikumi

Kumbe twiga wangu hakuwa na kosa lolote.

Wiki nzima niliamini nimechora vibaya alama ya klabu yetu. Fulana ya majaribio ya klabu hiyo ya mazingira ni ya kijani, na twiga alitokea katikati ya kisanduku cheupe. Mwanaklabu mwenzangu Baraka alicheka mbele ya wote, "Twiga kafungiwa dirishani!" Wenzangu wakaamua kwamba akitoka hivyo tena, watachukua mchoro mwingine mtandaoni.

Leo nilikwenda na Baraka kwa dada Zawadi, anayechapa fulana pale stendi. Nilimwamkia shikamoo, kisha nikamwonyesha fulana. Akafungua faili langu.

"Mdogo wangu, umehifadhi faili la aina ya JPEG. Hiyo inafaa picha za kamera, zenye rangi nyingi, na faili linakuwa jepesi. Lakini kila palipo wazi inapajaza nyeupe. Alama kama hii hifadhi PNG, inayoacha palipo wazi pabaki wazi. Na ukinitumia kwa simu usiitume kama picha, itageuka JPEG njiani. Tuma kama dokumenti."

Hakunidharau hata kidogo. Natamani siku moja nijue kitu namna hiyo, na nikieleze namna hiyo.

Nikahifadhi upya mchoro uliokuwa kwenye simu, nikautuma. Dada akachapa fulana nyingine, na twiga akatoka juu ya kijani tupu, hata vipembe vyake vimekaa sawa. Nilishukuru kwa sauti ndogo mno, sijui kama dada alinisikia.

Baraka aliivaa fulana kuijaribu. Akagoma kuivua mpaka kwao.