Severin na Mrusi wake kwa mama

Blandina, upo? Nimekufa kwa aibu!

Nimemleta Severin hapa Wembley aje kuniposa. Badala yake kamtolea mama mhadhara wa yule mwanafalsafa wake Mrusi mwenye ndevu!

Eti nchi za Magharibi zimeoza. Eti kila mtu kujiamulia mambo yake ni ugonjwa, kila taifa lirudi kwenye mila zake. Anamweleza mama, aliyetulea kwa unesi hapahapa London!

MILA, Blandina! Kwa mama yangu!

Mama kaweka kijiko chini. "Kwa mila zetu, baba, mwanaume haji kujiposea mwenyewe. Anatuma mshenga. Nenda."

Kamtoa! Pilau hata hajaigusa!

Sasa yuko stesheni, ananiuliza kama mshenga anaweza kuja kwa Zoom.

Nimemwambia amtume Mrusi.