Isale Kwenye Picha ya Eliamani

Kariakoo, Dar es Salaam

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti bado linakusumbua, au ile dawa niliyompa shangazi akuletee imekutuliza? Huku mvua imejaza maji bonde la Jangwani tena, wateja hawapiti, nashinda dukani napanga na kupangua vitenge. Mwili ni mzima, moyo ndio unaoniuma.

Baba, nina jambo la kukiri. Siku tuliyomzika mdogo wangu Eliamani, ulisema mbele ya watu, "Hata jani la isale la kuomba radhi hakuniletea." Nikanyamaza, nikidhani nakusitiri.

Krismasi iliyopita, nilipokuwa nafunga mizigo nije nyumbani, aliniletea picha aliyoichora. "Dada, mpelekee Baba. Asiposema kitu, mwache tu aitazame." Nikaifungua. Mungu wangu! Ni kihamba chetu kabisa, nyumba na shamba lake, lakini mlima mweusi tii, mbingu nyekundu kama makaa, migomba ya bluu! Nikamwambia, "Wewe, uliacha kazi ya benki, ukamtolea Baba maneno mabaya, sasa unamtumia na matusi ya rangi?" Akacheka kidogo, akaondoka. Picha nikaisukuma nyuma ya marobota. Kwako sikuitaja.

Wiki iliyopita maji yaliingia stoo. Nikaiokoa, nikaipeleka kwa mzee Kirit, jirani yangu Mhindi anayetengeneza fremu. Aliitazama, kisha akasema, "Aliyechora hii alikuwa analia. Lakini mama, hapa getini kuna mmea mmoja una kijani chake halisi. Mbona huu tu hakuubadilisha rangi?"

Nikainama kutazama. Nikaugusa kwa kidole, Baba. Ni isale, na jani lake limefungwa fundo, vilevile ulivyotufundisha tungali wadogo: anayekuja na hilo mkononi hafukuzwi, hata awe amekosa nini. Ule weusi niliuita dharau. Kumbe ndivyo kwetu kulivyokuwa machoni pa mtu anayetamani kurudi na anaogopa. Nimelia mpaka mzee wa watu akafunga mlango wa duka lake wapita njia wasinione.

Nisalimie shangazi anayekupikia, na mama mkubwa, yule anayeimba kwaya.

Nakuja Jumamosi na picha. Mimi ukinifukuza, nimestahili. Ila yeye mpokee pale getini, Baba. Alikuomba msamaha angali hai. Aliyeukalia ni mimi.

Binti yako,
Haika